Daktari wa Macho wa Alief na Kanuni Asiyoiamini

Daktari hakuamini kwamba Washington ina mamlaka ya kumwamuru ampe mgonjwa karatasi ya vipimo vya macho yake. Alikuwa na hoja zake, alikuwa na vifungu vya Katiba, na sauti ya kuvitetea alikuwa nayo. Na katika miaka tisa niliyokaa mapokezi kwenye kliniki yake pale Alief, mtaa mmoja wa Houston, Texas, sikuona mgonjwa hata mmoja akitoka bila karatasi hiyo. Aliwapa kabla hawajaomba. Aliyeisahau kwenye kiti alifuatwa mpaka kwenye gari, Daktari mwenyewe akikimbia na koti lake jeupe kwenye joto la Houston.

Sitamtaja jina. Wote tulimwita Daktari, hata mkewe. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na alisomeshwa na nani, kwa sababu mwenyewe hakuyapenda maswali hayo. Mtu akimuuliza, "Daktari, kwenu hasa ni wapi?" alijibu, "Nyuma ya duka la matairi," maana ndipo kliniki ilipokuwa.

Nilianza kazi kwake katikati ya miaka ya tisini, mwaka mmoja baada ya kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nasoma chuo asubuhi na kutafuta kazi ya mchana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa vitu viwili: ufunguo wa kabati la mafaili na kijitabu cha Katiba ya Marekani, kidogo kiasi cha kuingia mfukoni.

"Hiki nifanyie nini, Daktari?"

"Soma. Hutakaa mezani kwangu bila kujua nani ana haki ya kukuamuru na nani hana."

Nilidhani anatania. Baada ya wiki mbili akaniuliza maswali.

Hoja yake niliijua kwa moyo kabla mwaka haujaisha. Katiba, alisema, imeipa serikali kuu kazi zilizoandikwa, na ambazo hazikuandikwa zimebaki kwa majimbo na kwa watu wenyewe. Serikali kuu imepewa biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Haikupewa udaktari. Leseni yake aliipata Texas, na Texas ndiyo iliyokuwa na haki ya kumpa masharti. Lakini tangu miaka ya sabini tume moja ya serikali kuu ilikuwa imeweka kanuni kwamba kila anayepima macho ampe mgonjwa karatasi ya miwani mara tu kipimo kinapokwisha, anunue miwani pale au asinunue.

"Kanuni ni nzuri," alikuwa akisema. "Aliyeitunga ndiye hakuwa na haki ya kuitunga. Mimi nimekaa chumbani na mtu wa Alief, napima macho ya Alief. Biashara ya majimbo iko wapi hapo?"

Siku moja nilichoka nikamuuliza, "Daktari, zile lenzi tunazoagiza zinatoka wapi?"

"Florida."

"Na fremu?"

Akanitazama juu ya miwani yake. "Basi Washington waamuru juu ya lenzi. Jicho si lenzi." Akaingia ndani. Jioni, nikiwa nafunga mafaili, akatoka na kusema, "Lile swali lako la Florida ni zuri," kisha akaenda zake.

Kwa nini jambo hilo lilimkaa rohoni, aliniambia mara moja tu. Alisema aliwahi kuishi mahali ambapo ofisi ya mbali iliamua hadi duka la kijiji lifungwe lini, na watu wa ofisi ile walikuwa wema, waliitakia nchi mema, na duka likafungwa hivyo hivyo. "Nia njema haimpi mtu ruhusa," alisema. Halafu akaniuliza kama nimempigia simu mgonjwa wa saa tisa.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake katika mambo mengi. Alikaripia watu waliovaa miwani ya ndugu zao, akiwaambia kwamba kila jicho lina namba yake, na chini ya meza yake alikuwa na boksi la miwani ya zamani aliyoisafisha na kuiandika namba, kwa ajili ya wageni waliokuwa hawajapata kazi. Alisema wagonjwa wasiokuja kwa wakati ni wezi wa muda, na yeye mwenyewe alianza kila siku akiwa amechelewa kwa nusu saa. Adhuhuri alisogeza kiti cha kupimia na kuswali kati ya mashine mbili, na kama mgonjwa alikuwa mlokole na ana haraka, alimwomba amwombee huko nje wakati anamsubiri. Wengi walikubali. Mmoja aliomba kwa sauti kubwa hata Daktari akatoka kabla ya wakati wake, akasema amemsikia Mungu akimwambia aharakishe.

Pale Alief tulikuwa na watu wa kila aina, na Kiswahili cha kila aina. Wakenya waliniambia, "Si uni-book kesho, nita-drive kutoka kazi." Wakongo walikuja na Kifaransa chao. Watoto walijibu kwa Kiingereza hata ukiwasemesha vipi. Daktari aliongea na kila mmoja kwa Kiswahili kilekile cha taratibu, na walimwelewa.

Namkumbuka mtoto mmoja wa kike, darasa la pili, aliyeletwa na mama yake Mkenya. Shuleni walisema hafuati maelezo, labda Kiingereza hakijakaa, labda ana kiburi. Mama alikuwa amechoka. Daktari alimpima kwa dakika ishirini, akamvisha miwani ya majaribio, akamleta mapokezi aangalie mbali. Mtoto akanitazama kutoka upande wa pili wa chumba, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kwa nini yule dada amemkasirikia. Sikuwa nimekasirika, ndiyo sura yangu nikiwa naandika. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka. Alifunika mdomo kwa kiganja, maana ndipo alipoelewa kwamba mtoto wake alikuwa hajawahi kuona uso wa mtu aliye mbali.

"Mwambie mwalimu," Daktari alimwambia, "kwamba kiburi kimepona."

Sasa nifike kwenye simu moja, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa na la kuandika.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kongo, mtu wa Uvira, ambaye alipofika Marekani alikaa Alief kwa muda na akawa mgonjwa wetu. Tulimwita Mama Neema. Baadaye alihamia Haltom City, karibu na Fort Worth, kwa kuwa shemeji yake alikuwa huko na viwanda vilikuwa vinaajiri. Alipata kazi ya kuunganisha vipande vidogo vya vyuma kwenye mashine, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, na kwa miaka miwili kazi ilikwenda vizuri.

Ilikuwa Alhamisi, kiangazi cha mwaka 2003. Simu ililia saa nne asubuhi, nikasikia sauti yake ikiwa chini kuliko nilivyoizoea.

"Dada, Docteur iko?"

"Yuko na mgonjwa, Mama Neema. Kuna nini?"

Akanieleza. Miwani yake ilikuwa imepitwa na macho yake. Vipande vilikuwa vikimtoka mkononi, vingine akavifunga kinyume, na msimamizi alikuwa amemwambia kwamba Jumatatu aje na miwani mpya au asije. Alikuwa ameomba ruhusa, akaenda kupimwa kwenye duka la macho lililo karibu na kwake. Walimpima vizuri. Kisha wakamwambia miwani itakuwa tayari baada ya siku kumi.

"Nikasema siku kumi ni mingi, mimi niko na Jumatatu. Shemeji anajua mahali kwengine, wao banatengeneza lunettes, miwani, kwa saa moja. Nikaomba karatasi. Bakasema hapana. Karatasi ni ya duka. Ukitaka, nunua kwetu. Dada, niko na watoto bane. Nikipoteza hii kazi minaenda wapi?"

Daktari alipotoka nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akasema, "Nipigie hilo duka."

Aliketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Alizungumza Kiingereza chake cha adabu. Alijitambulisha, akasema mgonjwa yule aliwahi kuwa wake, akaomba kwa hisani ya wenzake katika kazi wampe mama yule karatasi yake. Meneja wa duka alikuwa na sauti kubwa, nilimsikia kutoka nilipokuwa. Alisema huo ndio utaratibu wao. Daktari akaomba tena, akaeleza habari ya Jumatatu. Meneja akasema anasikitika.

Daktari hakuiweka simu chini. Niliona jinsi alivyokuwa akijizuia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, "Bwana, kuna kanuni ya serikali kuu. Kipimo kikiisha, karatasi inatolewa. Hamna ruhusa ya kumwekea sharti la kununua."

Meneja alicheka. "Daktari, sisi tuko Texas. Washington haina kazi kwenye chumba changu cha kupimia."

Nilimtazama Daktari. Maneno yale yalikuwa yake. Nilikuwa nimeyasikia mezani pale, neno kwa neno, kwa miaka saba. Alifumba macho, na kwa muda nilidhani atakata simu.

"Hayo uliyosema," alisema hatimaye, "mimi nayaamini kuliko wewe. Nimeyaandika. Wiki ijayo nakuja Dallas kuyasema mbele ya watu. Lakini mahakama bado haijaifuta kanuni ile, na mpaka ifutwe, mimi naitii na wewe utaitii. Mama yule anakuja kwako mchana huu. Asipopewa karatasi, nitaandika barua kwa hao hao wa Washington, kwa mkono wangu, na nitaipeleka posta mwenyewe."

Meneja akamwambia asubiri. Tulisubiri. Mgonjwa wa pili alikuwa ameshafika, akaketi, akawa anatutazama. Daktari alichezea waya wa simu kama mtoto. Meneja aliporudi sauti yake ilikuwa imepungua. Karatasi itakuwa kaunta, alisema.

Mama Neema aliichukua saa nane, Jumamosi shemeji yake akampeleka kwenye duka la pili, na baada ya saa moja alikuwa na miwani usoni. Jumatatu jioni alipiga simu. Nilimpa Daktari moja kwa moja, lakini nikaegemea karibu.

"Docteur," alisema, "kumbe ile vis, ile skrubu ndogo, iko na mistari. Miaka mbili yote nilikuwa nafunga tu, sijaonaka mistari."

"Na kazi?"

"Kazi niko nayo."

Daktari alirudisha simu polepole. Aliingia kwenye chumba cha kupimia, akafunga mlango, na kupitia ukuta nikamsikia akisema alhamdulillah mara tatu.

Lakini mkutano wa Dallas ulikuwa umebaki. Bunge la Washington lilikuwa linataka kutunga sheria mpya, kwamba hata karatasi ya lenzi zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, bila fremu, itolewe kwa kila mgonjwa, na madaktari wengi wa macho hawakuitaka. Wengine walikuwa na sababu za usalama, kwani lenzi mbaya inaweza kuharibu jicho. Wengine walitaka tu wateja wasiende kununua kwingine. Daktari alikuwa amealikwa azungumze juu ya Katiba. Mimi ndiye niliyechapa hotuba yake, kurasa kumi na moja.

Mimi ndiye niliyeendesha gari pia. Njia nzima alikuwa na karatasi zile mapajani, hakusoma hata moja. Tulipopita mji wa Huntsville akaniuliza, "Wewe ungesema nini?"

"Mimi si daktari wala mwanasheria."

"Nilikupa kile kijitabu. Jibu."

"Ningesema ukweli wote," nilimjibu. "Wa Katiba, na wa ile simu."

Alizigeuza karatasi kifudifudi mapajani, akatazama barabara mpaka Dallas.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, baridi kama friji, na wasikilizaji kama mia. Alisoma kurasa nne za kwanza vizuri sana. Aliwaeleza mamlaka yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Aliwakumbusha kwamba mahakama ya rufaa iliwahi kuizuia tume ileile kufuta sheria za majimbo juu ya kazi yao, ikisema kwamba jimbo si duka la kuamrishwa na tume, labda Bunge lenyewe liseme hivyo waziwazi. Watu walipiga makofi. Nilimwona mzee mmoja wa mstari wa mbele akiandika.

Kisha akaziweka karatasi mezani.

Akawasimulia habari ya Mama Neema. Hakumtaja jina, hakulitaja duka. Alieleza vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, Jumatatu, na watoto wanne. Akawaambia meneja alimjibu nini, na kwamba jibu lile alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe, pengine kwa watu waliokaa ukumbini pale. "Siku ile," alisema, "nilitumia kanuni nisiyoiamini, na niliitumia bila aibu. Tunasema Texas inatosha, haihitaji Washington. Mimi nasema hivyo bado. Basi na tuonyeshe kwamba inatosha. Karatasi ya mgonjwa tuitoe wenyewe, wote, leo, bila kuamrishwa na mtu. Tusipoitoa, tusishangae wakija."

Makofi yalikuwa machache. Mtu mmoja akasimama nyuma akauliza kwa ukali kidogo, "Sasa wewe uko upande gani?"

"Upande uleule niliokuja nao," Daktari alijibu. "Ila siwezi kumwacha mtu apoteze kazi yake huku nikisubiri mahakama."

Wengine walipita mlangoni bila kumpa mkono. Yule mzee wa mstari wa mbele alimpa, akaushika mkono wake kwa muda mrefu, kisha akaondoka.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara, akaswali alasiri kwenye nyasi. Aliporudi kwenye gari aliuliza, "Nimeharibu?"

"Hapana, Daktari."

"Nilikuwa na kurasa saba zimebaki."

"Nazijua. Mimi ndiye niliyezichapa. Hazikuwa nzuri kama ulichosema."

Alifungua dirisha, ingawa nje kulikuwa na joto, akashusha pumzi ndefu. Kisha akala ndizi mbili mfululizo. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Sheria ya lenzi ilipita, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika. Siku ilipoanza, fomu mpya zilikuwa tayari mezani kwangu, alizipanga mwenyewe. Siku ileile aliandika barua kwa mbunge wake, akieleza kwa nini sheria hiyo, ingawa ni nzuri, haikuwa ya Bunge lile kuitunga. Mbunge alimtumia kalenda. Daktari aliitundika ukutani, akaitumia mwaka mzima.

Niliondoka kwake mwaka 2005, nilipopata kazi ya ofisini Stafford, mji wa jirani. Baadaye na yeye akaifunga kliniki, wakahamia Stafford yeye na mkewe, mitaa miwili kutoka kwangu. Tulionana kwenye harusi na misiba. Kisha nikaacha kumwona.

Mkewe ndiye aliyenipigia simu. "Mwanangu," alisema, "Daktari hashiki tena gari. Anasema hana pa kwenda. Jana amemwaga chai nje ya kikombe. Mimi nikiuliza ananinyamazia."

Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta sebuleni, akageuza uso kuelekea sauti yangu kabla hajanitambua. Nilimuuliza lini alipimwa macho mara ya mwisho. Alisema miaka sita. Mtu aliyewafuata watu mpaka kwenye maegesho kwa ajili ya macho yao. Nilikaa karibu naye, ndipo akasema kwa sauti ndogo kwamba kaka yake alipofuka kwa presha ya macho, na kwamba yeye anajua sana dalili zake, anajua mno, na hakutaka mtu amwambie.

"Nitakupeleka Alhamisi," nilisema.

"Sijakubali."

"Sijakuuliza, Daktari."

Alhamisi nilimpeleka. Bingwa wa macho, mwanamke kijana, alimtazama kwa muda mrefu kwa taa na kwa mashine, na mimi nilikuwa pembeni nikihesabu vigae vya sakafu. Kisha akazima taa, akasema mshipa wa jicho ni mzima, presha ni ya kawaida. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho tu, kwenye macho yote mawili, umekomaa sana, lakini unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Daktari akamwomba arudie. Akarudia. Ndani ya gari hatukuondoka kwa muda. Aliinamisha kichwa kwenye dashibodi, akalia, nami nikamwacha.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Kesho yake nilimrudisha kwa bingwa, wakaondoa kifuniko, wakasema kila kitu ni sawa. Njiani aliangalia nje tu.

Tulipoingia nyumbani mkewe alikuwa jikoni akikaanga samaki, mgongo kwetu. Aliuliza bila kugeuka, "Wamesemaje?" Daktari alisimama mlangoni pa jikoni, mkono kwenye ukuta.

"Una nini?" mkewe akauliza.

"Nakuangalia."

"Hujaniona?"

"Muda mrefu," alisema. "Umekuwa na mvi."

Mkewe alizima jiko. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akasogea mpaka dirishani kwenye mwanga, akamgeuzia uso.

"Haya," alisema. "Niangalie."

Mimi niliweka dawa za matone mezani, nikatoka taratibu, nikafunga mlango nyuma yangu.